Ushauri wa kanisani, wa hospitalini na wa leseni: kila shahada ya Marekani inamfikisha mtu wapi

Mtu akisema "nasomea ushauri", msikilizaji Mswahili anaweza kufikiria kazi tatu, na zote tatu zipo. Kuna mnasihi mwenye leseni, anayefungua ofisi, anayeandika kwenye faili kwamba mteja ana sonona au kiwewe, na anayelipwa na bima. Kuna mhudumu wa kiroho wa hospitali, gereza au kambi ya jeshi, ambaye Wakenya humwita chapleni. Na kuna mchungaji, padri, imamu au mama wa kanisa anayekaa na waumini baada ya ibada na kusikiliza ya nyumbani. Kiswahili kinawaita wote washauri. Sheria za Marekani zinawatenganisha kabisa: wa kwanza yuko chini ya bodi ya jimbo, wa pili chini ya chombo kinachothibitisha taaluma yake pamoja na mwajiri, wa tatu chini ya dini yake.

Mkanganyiko huu unakula ada na miaka ya watu. Makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili yameongezeka Marekani kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 2020 Wakongo ndio walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa huko, na wengi wa mashariki mwa Kongo ni wasemaji wa Kiswahili. Wachungaji wao wanakutana kila wiki na makovu ya vita, ndoa zinazoyumba na vijana wasiolala usiku, na baadhi yao wanaamua kurudi shule. Hapo ndipo mtego ulipo. Shahada ya uzamili inaweza kuwa na neno "unasihi" kwenye jina lake, ikawa halali, ikafundishwa na walimu wazuri, na bado bodi ya jimbo isiipokee hata kidogo, kwa sababu haikuandaliwa kwa ajili ya leseni. Shahada ya krediti 36 au 48 ya ushauri wa kibiblia inamfaa sana anayebaki kanisani. Anayetaka leseni itambidi aanze karibu upya.

Neno lenyewe nalo linachangia. Nasaha ni maneno ya busara anayopewa mtu na aliyemzidi umri au maarifa. Somo au kungwi wa pwani humfunda mwari kwa kumwambia la kufanya. Mswahili anayeingia kwa mnasihi anategemea hivyo hivyo. Darasani Marekani mwanafunzi anafundishwa kusikiliza, kumrudishia mteja alichosema kwa maneno mengine, kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, kisha kumwachia mteja uamuzi. Aliyekuwa mchungaji kwa miaka kumi huumia hapa kuliko kwenye somo la takwimu: kikao hakijafika dakika ya saba ameshatoa aya na suluhisho.

Krediti 60 na saa 700

Baraza linalotoa ithibati kwa programu za unasihi Marekani linaitwa CACREP, lililoanzishwa 1981. Si kila jimbo linaloidai ithibati hiyo, lakini shahada iliyo nayo ndiyo inayohama na mtu kwa urahisi zaidi anapotoka jimbo moja kwenda jingine. Kiwango cha chini ni krediti 60 za muhula. Kwa kuwa kozi nyingi zina krediti 3, hesabu inakuja kama kozi 20: anayesoma muda wote huchukua miaka miwili na nusu hadi mitatu, anayefanya kazi mchana huenda hadi minne. Ndani yake mna maeneo manane ya msingi: maadili ya taaluma, utamaduni na jamii, ukuaji wa binadamu, kazi na ajira, stadi za unasihi, unasihi wa vikundi, upimaji, na utafiti. Isitoshe, mwanafunzi lazima akae angalau saa 10 kama mwanakikundi wa kawaida, aonje mwenyewe kiti cha mteja.

Kinachowachosha watu ni fildi, yaani mafunzo ya vitendo kituoni. Inakuja kwa hatua mbili, na ya pili haianzi kabla ya ile ya kwanza kwisha. Hatua ya awali ni saa 100, na kati yake 40 ni za kukaa na wateja. Baadaye ni saa 600, na 240 kati yake ni za wateja. Tuzipige hesabu. Mihula miwili ya wiki 15 ni wiki 30, kwa hiyo saa 600 ni saa 20 kwa wiki, na saa 240 za wateja ni 8 kwa wiki. Wateja hawaji wote. Basi huharibika, mtoto huugua, mtu huitwa zamu ya ziada kiwandani. Anayetaka kupata vikao 8 apange 11 au 12. Wengi hugundua hili mwezi wa tatu, wakiwa na saa nyingi za mikutano na makaratasi huku safu ya wateja ikiwa nusu tupu, na muhula hauongezwi.

Na "saa ya mteja" ina maana finyu kuliko wanavyodhani waliotoka kwenye huduma za kanisa. Kumtembelea mgonjwa nyumbani, kuongoza ibada ya maombolezo, kumpeleka mama kwenye ofisi ya misaada: kazi njema zote hizi haziingii kwenye safu ile. Inayoingia ni ile ambayo mnasihi na mteja, au kikundi cha wateja, wanafanya unasihi wenyewe. Karatasi ya saa isainiwe kila wiki. Anayengoja mwisho wa muhula ndipo msimamizi asaini kurasa zote kwa pamoja, siku msimamizi akiacha kazi atabaki na kurasa tupu.

Kila wiki mwanafunzi husimamiwa kwa wastani wa saa moja, peke yake au pamoja na mwenzake mmoja, na saa moja na nusu katika kikundi cha chuo. Msimamizi wa kituo anatakiwa awe na shahada ya uzamili ya unasihi au taaluma ya karibu, leseni au cheti husika, na uzoefu wa miaka isiyopungua miwili baada ya shahada. Makanisa mengi huangukia hapa. Mchungaji mwenye miaka ishirini ya huduma na heshima ya mji mzima hawezi kumsimamia mwanafunzi wa unasihi kama hana sifa hizo. Kanisa linaweza kuwa kituo iwapo kliniki au shirika lenye wanasihi wenye leseni litaleta msimamizi wake, au iwapo muumini mwenye leseni atakubali kazi hiyo kwa maandishi na chuo kikamkubali. Mwanafunzi naye awe na bima ya dhima ya taaluma kabla ya kukutana na mteja wa kwanza.

Kuna tatizo moja linalomgusa Mswahili hasa. Programu inataka kuona kazi ya mwanafunzi yenyewe: amrekodi mteja kwa ridhaa ya maandishi, au asimamiwe kikao kikiendelea. Kikao kikifanyika kwa Kiswahili, profesa haambulii kitu. Kumwambia mwanafunzi afanye vikao kwa Kiingereza tu ni kuwatupa wateja waliolifanya kanisa likawa kituo. Kutafsiri kikao kizima cha dakika 50 ni kazi ya siku nzima na zaidi. Njia inayofanya kazi ni makubaliano kabla ya muhula kuanza: mwanafunzi anachagua kipande cha dakika 10 hadi 15, anakitafsiri mstari kwa mstari, anaondoa majina, kambi na miji, anakileta na sauti yake. Msimamizi asikilize toni hata kama haelewi maneno. Ukimya mrefu na pumzi hazihitaji mkalimani. Kitu kisichofaa kabisa ni kukipachika kikao cha mteja kwenye programu ya bure ya tafsiri mtandaoni, maana siri za mteja zinakuwa zimeshaingia kwenye mashine ya kampuni ambayo hakuikubali.

Imani ndani ya chumba cha kikao

Wengi huuliza kama mnasihi mwenye leseni anaruhusiwa kuomba na mteja. Hakuna katazo la moja kwa moja. Swali la msimamizi litakuwa: nani aliyetaka? Mteja akiomba mwenyewe, na mnasihi akaona kwamba sala inasaidia lengo waliloliandika, inawezekana. Mnasihi akianzisha kwa sababu kimya kimemshinda, hiyo sala ni yake.

Chama cha wanasihi wa Marekani, ACA, katika kanuni zake za maadili za 2014, kinamkataza mnasihi kumpachika mteja maadili yake binafsi, na pia kumhamishia kwa mwingine kwa sababu tu ya imani yake mwenyewe. Kabla ya hapo suala hili lilifika mahakamani. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Eastern Michigan kilimwondoa mwanafunzi wa uzamili aliyeomba mteja mwenye uhusiano wa jinsia moja apelekwe kwa mnasihi mwingine. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilirudisha kesi ikasikilizwe, na pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Msimamo wako kuhusu kesi hiyo uwe wowote, mtu mwenye dhamiri nzito kuhusu nani awe mteja wake ajue mapema. Programu ya leseni itampeleka kwa mteja asiyemchagua, na saa 240 zile hazichagui. Njia ya tatu, ya kanisani, haina sharti hilo.

Upande wa pili unasahaulika zaidi: mnasihi asiyeigusa imani ya mteja naye anakosea. Idara ya ACA inayoshughulikia maadili ya kiroho na dini, ASERVIC, ina orodha ya stadi 14 ambazo mnasihi anapaswa kuwa nazo. Kwa kazi ya kila siku, wengi hutumia maswali manne yaliyoandaliwa 1996 na daktari Christina Puchalski, yanayoitwa FICA kwa herufi zake za Kiingereza. Kwa Kiswahili cha kawaida yanakuwa hivi: Unaamini nini, au nini kinakupa nguvu? Imani hiyo ina uzito gani kwenye hili linalokusumbua? Una watu wa kuabudu nao, na wanakubeba? Ungependa mimi nilizingatieje hilo hapa? Swali la tatu ndilo hutoa mengi. Mkimbizi anaweza kujibu "ndiyo, nina kanisa" kisha akanyamaza, na kimya hicho kikawa ndiyo habari yenyewe.

Baada ya kuvaa joho

Shahada ikishapatikana mtu bado hajawa mnasihi kamili. Majimbo yote 50 yana leseni yake, Virginia ikitangulia 1976 na California ikiwa ya mwisho 2009, na kila moja lina hesabu yake. Texas inadai saa 3,000 chini ya msimamizi, 1,500 zikiwa za wateja, kwa muda usiopungua miezi 18, na saa nne za usimamizi kila mwezi. Wakati huo mtu anaitwa LPC Associate, yaani mnasihi aliye bado chini ya usimamizi, na hafanyi kazi kwa kujitegemea. Virginia inadai saa 3,400, kati yake 2,000 za wateja, na saa 200 za usimamizi. Katika majimbo mengi mtihani wa leseni ni ule wa taifa wa wanasihi, NCE: maswali 200 ya kuchagua, ambayo 160 ndiyo huhesabiwa, na mengine 40 ni ya majaribio bila mtahiniwa kujua ni yapi. Mwanga mmoja mpya ni kwamba tangu Januari 1, 2024 wanasihi wenye leseni wanaweza kulipwa na Medicare, bima ya wazee, jambo lililokuwa limefungwa kwa miaka mingi.

Aliye na viza ya mwanafunzi azipige hesabu hizi mara mbili. Saa za fildi nje ya chuo zinahitaji kibali cha chuo kabla ya siku ya kwanza, hata kama halipwi. Baada ya shahada, viza ya F-1 inatoa miezi 12 ya kufanya kazi katika taaluma yake. Texas inataka angalau 18. Pengo la miezi sita halizibwi kwa bidii. Linahitaji mwajiri wa kudhamini viza nyingine, na hayo yaanze kuzungumzwa mwaka wa pili wa masomo. Mchungaji aliyeingia kwa viza ya R-1, ya watumishi wa dini, ana mtihani mwingine: hupewa hadi miezi 30 kwa mara moja, jumla isizidi miaka mitano, na kazi yake ni ya taasisi ya dini iliyomdhamini. Hawezi jioni akaajiriwa kama mnasihi kwenye kliniki.

Saa 400 za kitandani kwa mgonjwa

Njia ya chapleni ilianzia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, mwaka 1925, pale Anton Boisen alipowapeleka wanafunzi wa theolojia wodini wakasome watu kama walivyosoma vitabu. Mafunzo hayo yanaitwa CPE, na chombo chake kikuu ni ACPE. Kizio kimoja ni saa 400, zisizopungua 100 zikiwa za darasa na usimamizi, nyingine nyingi wodini. Anayetaka uthibitisho kamili wa bodi hukusanya vizio vinne, yaani saa 1,600, pamoja na krediti 72 za shahada ya uzamili ya theolojia au inayolingana nayo. Hospitali kubwa hutoa mwaka mzima wa ukaazi, yaani mafunzo ya kazini, wenye posho, na wengi hukamilisha vizio vilivyobaki humo. Waislamu wanaingia pia: Hartford, Connecticut, pana programu ya shahada ya uchapleni wa Kiislamu.

Roho ya CPE ni andiko la neno kwa neno. Mwanafunzi anarudi kutoka wodini, anaandika kwa kumbukumbu alichosema mgonjwa na alichojibu yeye, analisoma mbele ya wenzake watano au sita. Chukua mfano wa mistari miwili:

Mgonjwa: Mungu amenisahau.
Mwanafunzi: Usiseme hivyo mama, Mungu hamsahau mtu.

Kwenye ibada jibu hilo lingepata amina. Kwenye kikundi watauliza: sentensi hiyo ilimtuliza nani? Mama alikuwa amefungua mlango, mwanafunzi akaufunga kwa aya. Mbona aliogopa? Mara nyingi jibu liko kwenye maisha ya mwanafunzi mwenyewe, na ndiyo maana watu hulia CPE. Mswahili ana silaha moja wenzake hawana: "pole". Kiingereza hakina neno hilo. “Sorry” yao hutumika pia kukiri kosa. "Pole sana, mama," kisha kukaa kimya, linaweza kufanya kazi ya dakika tano. Lakini hata pole huharibika ikifuatwa mara moja na "lakini".

Kikwazo kisichotarajiwa ni barua. Uthibitisho wa chapleni unataka dini yake imwidhinishe, na kanisa huru la watu arobaini lililosajiliwa juzi huenda halina chombo kinachotambulika cha kutoa idhini. Wapo waliomaliza saa zote wakakwama hapo. Suala hilo liulizwe kabla ya kizio cha kwanza.

Mchungaji asiye na leseni yuko wapi

Majimbo mengi yanamruhusu kiongozi wa dini kushauri waumini bila leseni, mradi anafanya hivyo kama sehemu ya huduma yake na hatumii cheo kinacholindwa na sheria. Mipaka huvukwa kwa vitu vidogo: kadi yenye neno la kitaalamu asilolimiliki, tangazo kwa umma, ada ya saa. Kentucky na New Hampshire ni miongoni mwa majimbo machache yenye leseni ya washauri wa kichungaji. Chama chao cha taifa, AAPC, kilichoanzishwa 1963, kiliungana na ACPE 2019, na hilo linaonyesha njia ya kati imekuwa nyembamba.

Usiri nao si mmoja. Mnasihi mwenye leseni anabanwa na kanuni na sheria ya jimbo, na zipo hali zilizoandikwa zinazomruhusu au kumlazimu kuuvunja. Kiongozi wa dini analindwa kwenye maungamo, kwa kiwango kinachobadilika jimbo kwa jimbo. Texas haina msamaha kwenye unyanyasaji wa mtoto: kila mtu, kiongozi wa dini akiwemo, lazima atoe taarifa. Kikao cha wazee kikiamua kulimaliza jambo "ndani ya familia ya kanisa" kwa kuwapatanisha baba wa mtoto na mtuhumiwa, wazee hao wamevunja sheria, hata kama nia ilikuwa amani.

Chuo na kanisa vinapofanya kazi pamoja

Ushirikiano mzuri huanza na karatasi ya kurasa mbili au tatu, na kipengele cha kwanza ni chumba. Kiwe na mlango unaofungwa, kisiwe ofisi ya mchungaji wala chumba cha kwaya, na kisiwe mahali ambapo kila anayeingia chooni anaona nani amekaa kwenye benchi. Cha pili ni faili: ni mali ya kliniki au chuo, hazikai kanisani. Cha tatu ni namba ya simu ya msimamizi inayopokelewa saa za kikao, na mtu mzima mwingine jengoni. Dharura ya kujiua ina namba yake, 988, tangu Julai 2022, na anayepiga simu anaweza kuunganishwa na mkalimani.

Kisha linakuja la maombi. Jumapili mtu anasimama na kusema: "Tumwombee dada yetu, anapitia wakati mgumu kwenye ndoa yake, ameanza kuonana na mnasihi." Hakuna mwenye nia mbaya. Lakini siri imetoka, na mbele ya shemeji zake. Mchungaji anayemwelekeza mtu kwa mnasihi ampe kadi na aishie hapo. Asiulize "alikuja?", na mnasihi asimjibu mpaka mteja asaini karatasi inayotaja nani ataambiwa, nini, na hadi lini. Viongozi wengi hulichukulia hili kama kudharauliwa: mimi nimemleta, leo nafichwa? Lisemwe wazi siku ya kwanza, mbele ya baraza la kanisa, kabla ya mteja yeyote kuwepo.

Kwenye upimaji, kifaa kilichotengenezwa kwa wakimbizi ni RHS-15, na kipo kwa Kiswahili. Ni maswali 15, kwa wenye miaka 14 na zaidi. Uzuri wake ni kwamba maswali ya mwanzo yanagusa maumivu ya misuli na mifupa, na kuwaza sana. Mswahili akiulizwa "una huzuni?" huenda akajibu hapana, maana muumini aliyekata tamaa anajiona amemkosea Mungu. Akiulizwa kama anawaza sana, anafunguka. Alama 12 au zaidi kwenye maswali 14 ya kwanza, au 5 na zaidi kwenye swali la 15, kipimajoto cha dhiki cha 0 hadi 10, ni ishara ya kumpeleka mbele. Haitambui ugonjwa. Mwanafunzi anayeandika jina la ugonjwa kwa alama hizo peke yake anarukia hatua.

Tafsiri nayo ina mashimo. Mteja wa Bukavu akisema "bibi yangu alifia njiani", mwanafunzi wa Dodoma anaandika kwamba amefiwa na nyanya yake. Kwa Kiswahili cha Kongo bibi ni mke. Kosa hilo moja linageuza kikao kizima. Kwa hiyo hata baina ya Waswahili, rudisha: "Unaposema bibi, ni mama wa watoto wako?" Na mkalimani asiwe mtoto wa mteja, wala mke wa mchungaji, hata kama ndiye pekee anayepatikana siku hiyo, afadhali mkalimani wa simu.

Kwa waumini wenyewe, shahada haihitajiki ili wasaidie. Kozi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, iliyoanzia Australia mwaka 2000, ni takriban saa 8. Shirika la Afya Duniani lilitoa 2016 mwongozo wa PM+, unaotumiwa na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa: vikao vitano vya dakika 90, kimoja kwa wiki, vyenye kupumua taratibu, kugawa tatizo vipande, kurudi kwenye shughuli na kuimarisha watu wa karibu. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukapunguza dhiki yao. Hapa mwanafunzi wa uzamili anafaa kuliko anapokaa na wateja peke yake, kwa sababu anaweza kuwafunza mama kumi wa kanisa, na mama hao hawahami muhula ukiisha.

Muhula kwisha ndilo linalovunja ushirikiano mwingi. Mwanafunzi anaondoka Desemba au Mei, mteja anabaki kwenye benchi lile lile la kanisa, na mtu aliyekwisha kuachwa kambini anaachwa tena. Tarehe ya mwisho itajwe kwenye kikao cha kwanza. Wiki nne kabla yake, kila mteja ajue kama anaendelea na mwanafunzi mwingine, na msimamizi, au amefika mwisho. Na anayekuja aingie kwenye kikao angalau kimoja pamoja na anayeondoka, mteja akiridhia, ili wasalimiane wote watatu wakiwa chumba kimoja.